Nchi kavu, hewani au majini? Mwongozo kwa vijana wa Kegonga

VIJANA wa Kegonga, Kaunti ya Migori, wanaotamani kujiunga na Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) yafaa wafahamu kwamba majeshi hayo yana matawi matatu, ilhali lango la kuingilia ni moja.

Jeshi la nchi kavu ndilo kubwa zaidi. Lina askari wa miguu, wa mizinga, wa vifaru na wahandisi. Jeshi la wanahewa, lililoanzishwa Juni 1964, lina makao yake Eastleigh, Nairobi, na mbali na marubani huhitaji mafundi wa mitambo na umeme. Jeshi la wanamaji, lililozinduliwa Desemba mwaka uo huo, lina makao yake Mtongwe, Mombasa, na hulinda bahari.

Makurutu wa matawi yote hupata mafunzo ya kwanza Eldoret. Hakuna tawi lililo duni: mnamo 2012 yote matatu yalishirikiana kuutwaa mji wa Kismayu, Somalia.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba usajili haulipiwi. Kijana hufika kituoni na kitambulisho na vyeti halisi, akapimwa kimo, uzani, afya na mbio. Wapo waliofika Eldoret na barua bandia za mwito walizouziwa na matapeli, wakaishia korokoroni. Mzazi asiuze ng'ombe kumlipa wakala, kwani chini ya sheria ya 2016 mtoaji hongo hushtakiwa sawa na mpokeaji.