Jinsi titaniamu ilivyogeuka kuwa mzizi wa jino

Kupandikiza jino bandia ndani ya mfupa wa taya si jambo geni. Mnamo 1931, nchini Honduras, kulifukuliwa taya la Wamaya la mwaka wa 600 hivi Baada ya Kristo, likiwa na vipande vitatu vya kombe la baharini vilivyochongwa mfano wa meno ya mbele. Ilidhaniwa kuwa ni pambo la maziko. Picha za eksirei za mwaka wa 1970 zilibainisha kuwa mfupa ulikuwa umekua kuvizunguka. Mwenyewe alikuwa hai.

Mbinu ya kisasa haikuanzia kinywani. Mnamo 1952, mjini Lund, Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titaniamu. Alipotaka kukichomoa, kiligoma: mfupa ulikuwa umekikumbatia.

Mwaka wa 1965 alimpandikizia skrubu za metali hiyo mwanamume aliyezaliwa na kasoro ya taya. Zilidumu hadi alipofariki mnamo 2006.

Madaktari wa meno, ambao Brånemark hakuwa mmoja wao, walimbeza kwa miaka mingi, hadi kongamano la Toronto, Kanada, mnamo 1982. Shaka yao ilikuwa na msingi. Vyuma vya awali aghalabu vilizingirwa na nyama laini badala ya mfupa, vikalegea. Brånemark aliziacha skrubu zake zipumzike chini ya ufizi kwa miezi kadhaa kabla ya kuzibebesha meno.