NANI ALIBAKI NYUMBANI?
Masomo, malezi na msaragambo katika historia ya Mamba



Kamati ya jarida letu imeniomba nieleze jinsi mtu mwenye watoto anavyoweza kusoma chuo, kulea familia na kukitumikia kijiji kwa wakati mmoja. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu yajulikana kwamba mambo hayo matatu niliyafanya kati ya mwaka 2009 na 2015. Nilikubali kwa furaha, nikaanza kuandika mashauri ya kawaida: amka mapema, panga ratiba, usipoteze muda. Lakini kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza nilikumbuka jambo moja, nikaichana karatasi ile. Jambo lenyewe ni daftari la msaragambo.

Kwa faida ya wasomaji wasiotoka kwetu, msaragambo kwa sisi Wapare ni kazi ya wote: kuzibua mfereji, kutengeneza ndiva ya kuhifadhi maji, kulima barabara, kubeba mawe ya kujengea shule. Kazi hiyo si sawa na kiwili, ambapo majirani wachache husaidiana shambani kwa zamu. Ukikosa kiwili una deni kwa jirani yako. Ukikosa msaragambo una deni kwa kijiji kizima. Ndiyo maana daftari huwekwa. Kila kaya ina mstari wake, na kila siku ya kazi ina alama yake.

Mwaka juzi, nilipokuwa nakusanya kumbukumbu za ujenzi wa maabara za shule ya kata, nilifungua daftari la mwaka 2014. Jina langu limo, na mbele yake alama zimejaa karibu bila pengo. Mtu atakayelisoma baada ya miaka hamsini atasema: bwana huyu alikuwa hodari, hakukosa msaragambo. Lakini baadhi ya tarehe zile nazijua. Siku mbili kati ya hizo nilikuwa Moshi, ndani ya chumba cha mtihani. Siku nyingine nyingi nilikuwa Same, mezani pangu ofisini. Mawe yale aliyabeba mke wangu, na mtoto wetu wa mwisho akiwa mgongoni.

Daftari linasema nilikuwepo. Mimi sikuwepo. Basi nimeona afadhali niandike historia badala ya mashauri, maana nimetambua kwamba kosa la daftari lile si la mwaka 2014 tu.

Mbiru

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa Upare amelisikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni na baraza la watemi walianzisha kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, nayo ikajulikana kwa jina la mbiru. Wazee hawakukataa kodi yenyewe, walikataa kukadiriwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakaenda Same, makao makuu ya wilaya. Wakakaa pale wiki baada ya wiki, wakidai kodi hiyo iondolewe. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Paulo Kajiru Mashambo wa Upare Kusini. Kufikia mwaka 1947 kodi ya mbiru ilikuwa imeondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu juu ya mgomo huo, nacho kilichapwa mwaka 1971.

Tulipofundishwa habari hizi darasani niliuliza maswali mengi juu ya Same. Sikuuliza hata moja juu ya Mamba. Wanaume walipokuwa wameketi bondeni, nani alipalilia mahindi? Nani alikwenda kufungulia maji zamu ya kaya ilipofika? Nani alilala macho mtoto alipoharisha?

Jibu walilitoa akina mama wenyewe. Mwaka 1946, walipoona wamebaki muda mrefu bila waume, walijikusanya kwa mamia, hasa wale wa Usangi, wakamkabili mkuu wa wilaya. Wakamwambia amalize shauri la kodi wanaume warudi. Ikiwa hataki, basi awe yeye mume wa wote. Watu huicheka habari hii hadi leo, na kweli inachekesha. Lakini ndani yake mna hesabu iliyo sahihi. Walikuwa wanaieleza serikali kwamba mgomo wa Same ulikuwa unalipwa na jembe la mtu asiyeonekana Same.

Miaka ya kisomo

Shule ilifika kwetu mapema, tangu misheni ilipoanzishwa Giti mwaka 1903. Hata hivyo, wazazi wengi nchini hawakupata kushika kalamu mpaka baada ya Uhuru. Sensa ya mwaka 1967 ilipohesabu watu, zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea hadi chini ya miembe na kwenye maghala. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua, hata hawafiki asilimia kumi.

Wengi wa wanafunzi wa madarasa hayo walikuwa akina mama. Walifika mchana baada ya shamba, wengine na watoto mgongoni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza radio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Sijui mfano bora kuliko huo wa masomo, malezi na kazi ya jumuiya kufungwa katika mtumba mmoja. Mtu alisoma ili mwanawe asiumwe, na alipomaliza somo akashika jembe.

Ninachokiona katika mfano huo ni kwamba darasa lilimfuata mzazi. Halikumtaka aihame nyumba yake.

Azimio la Musoma

Chuo kikuu kilikuwa na hesabu nyingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana atakayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza atumikie taifa, afanye kazi walau miaka miwili, kisha apewe sifa njema na mwajiri wake na Chama. Shabaha ilikuwa nzuri. Taifa halikutaka wasomi waliotoka dawati moja kwenda dawati jingine bila kuonja jasho.

Matokeo yake ni kwamba ukumbi wa mihadhara ukaanza kujaa watu wazima: walimu, makarani, mabwana shamba, wengi wao wakiwa tayari na wake na watoto. Lakini jambo jingine likaonekana upesi. Idadi ya wanawake waliojiunga ilishuka. Mwanamume aliyefanya kazi, akaoa na kupata watoto, aliweza kufunga sanduku akaenda Dar es Salaam. Mwanamke aliyefanya kazi, akaolewa na kupata watoto, sanduku lake halikufungika. Haikupita miaka mingi, wanawake wakaruhusiwa tena kuingia chuoni moja kwa moja.

Wanafunzi wa somo la historia nawaomba mwutazame ushahidi huu kwa makini. Sharti lilikuwa moja kwa wote, na wote walitakiwa kufanya kazi kwanza. Kilichotofautiana ni jibu la swali lile lile: nani atabaki nyumbani?

Zamu yangu

Sasa nieleze habari zangu, nazo ni za kawaida tu. Nilimaliza kidato cha nne katika shule hii, baadaye nikaajiriwa serikalini kama karani. Mwaka 2009 nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, makusudi kwa ajili ya watu kama mimi wasioweza kuacha kazi. Mitihani nilifanyia Moshi. Siku za kazi nilikaa Same, na Ijumaa jioni nilipanda gari la kupitia Kisiwani na Gonja, kisha kuukwea mlima hadi nyumbani. Mvua ikinyesha tulishuka tukasukuma.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana. Yeye pia aliishia kidato cha nne na alitamani kuendelea. Fedha hazikutosha wawili, basi tukasema nianze mimi kwa kuwa nina mshahara, nikimaliza afuate yeye. Ada yangu ililipwa nusu kwa mshahara na nusu kwa tangawizi. Tangawizi hiyo aliilima yeye, akaichimba, akaiosha, akaishusha sokoni.

Kisha ukaja mwito wa maabara. Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na mwaka 2014 nchi nzima ilikuwa mbioni. Kijiji kikanichagua katibu wa kamati ya ujenzi, nami nikaona fahari. Niliandika mihtasari, nikafuatilia saruji, nikasimama mbele ya wageni kusoma taarifa. Mwaka 2015 nilihitimu shahada. Watu walinipongeza, wakasema kweli huyu anajua kupanga muda wake.

Ndugu zangu, muda niliokuwa naupanga haukuwa wangu peke yangu.

Mwaka 2016 mke wangu hakwenda chuo, wala mwaka 2017. Mara mama yangu aliugua, mara mtoto wetu wa kwanza alihitaji ada, mara bei ya tangawizi ilianguka. Kila mwaka palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Nisilotenda ni kuuliza. Ahadi tuliyowekeana ilikaa nyumbani kama kigoda, tukiipita kila siku.

Nilipoliona lile daftari nilirudi nyumbani nikamweleza. Akacheka. "Baba watoto, kwani hukujua? Karani anaandika kaya, haandiki mgongo uliobeba." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ile fomu yangu ya chuo bado ninayo. Nilidhani umeisahau." Nami nilikuwa nimeisahau. Sina njia nzuri ya kuliandika jambo hili.

Deni

Mke wangu alianza stashahada mwaka jana. Mimi nimehamishiwa karibu na nyumbani kwa ombi langu, na sasa nayajua mambo ambayo miaka sita ya chuo haikunifundisha. Najua kwamba maharage yasiyolowekwa usiku hayaivi kabla ya watoto kulala. Najua sare ya shule ni moja na matope ni ya kila siku. Nimejiuzulu ukatibu wa kamati, kwa sababu jioni sina saa ya mkutano. Wapo wazee waliosema nimerudi nyuma. Pengine ni kweli, lakini yule aliyekuwa akinisukuma mbele naye ana safari yake.

Mwezi uliopita uliitwa msaragambo wa barabara, nikaenda mwenyewe na chepe. Akina mama walinicheka jinsi nilivyolishika. Kazi ilipokwisha nilimwomba karani aandike jina langu na la mke wangu, yeye aliyeifanya kazi ile miaka yote. Akasema mstari ni mmoja kwa kaya moja. Tulibishana kwa heshima, mwisho akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Ni mstari wa kalamu ya mkono na umepinda, lakini upo.

Basi kwa wahitimu wenzangu nina pendekezo moja. Shule yetu inakusanya historia yake, na majina ya waliojenga yanaandikwa. Tusinakili madaftari tu, maana madaftari yanataja wakuu wa kaya. Kila mmoja wetu aongeze jina la mtu aliyebeba mawe kwa niaba yake, au aliyelima ili yeye asome: mama, dada, mke, mdogo wake aliyeacha shule. Wazee wanaowakumbuka watu hao wanapungua kila mwaka.

Kwenu wanafunzi, mtakaporudi nyumbani likizo, msiulize tu babu alisoma wapi na alifanya kazi gani. Ulizeni siku zile alipokuwa safarini nani alibaki, na yeye alitaka kuwa nani. Kisha kaeni chini mwandike jibu, hata kama ni refu.

Na kwa wale waliotaka kujua namna ya kusoma, kulea na kutumikia kijiji kwa wakati mmoja, jibu langu ni fupi. Mkono mmoja haulei mwana. Mambo hayo matatu yanawezekana, ila mtu mmoja hayawezi. Na zamu ya mwenzako ikifika, usingoje akukumbushe.