Nani Alimlea Mtoto wa Kambi?

Mkipita katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi wa migodi, iwe Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, mtazikuta nyumba za matofali zilizopangwa mistari mistari, zinazofanana kama mapacha. Wengi wenu mna babu au bibi aliyezaliwa humo. Wazee hao wakizungumza juu ya Union Minière, au Gécamines iliyoirithi, husema kwamba kampuni ilikuwa baba na mama. Wengine husema hivyo kwa kicheko, wengine kwa uchungu. Mimi niliyeishi miaka mingi mbele ya ubao na chaki, neno hilo halijaacha kunisumbua. Mtoto aliyekuwa na wazazi wake wawili nyumbani, alipataje baba na mama mwingine?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni haikuwa na haja na watoto, ilihitaji mikono. Wanaume waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kutoka Kasai na Lomami, na baadaye hata kutoka Rwanda na Burundi. Walifanya kazi kwa miezi michache, wengi wakafa kwa maradhi, na waliosalia wakarudi kwao. Kampuni ikalazimika kuanza upya kila mara: kutafuta watu, kuwasafirisha, kuwafundisha, kuwazika. Ilikuwa hasara kubwa. Kwa hiyo, kuelekea mwaka 1928, siasa ilibadilika. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake, na kapera aliweza kukopeshwa fedha za mahari. Msimamizi mkuu wa mpango huo alikuwa daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtoto atakayezaliwa kambini na kukulia kambini hatakuwa na haja ya kutafutwa mbali, wala ya kuzoezwa sauti ya king'ora.

Tangu hapo malezi yakawa kazi ya kampuni. Mama mjamzito alifuatiliwa na wauguzi. Mtoto mchanga alipimwa uzito, akaandikwa katika daftari, akapewa maziwa. Kijijini mama alinyonyesha kwa miaka miwili au mitatu, na katika muda huo desturi ilimkataza kupata mimba nyingine. Kambini alihimizwa kumwachisha mtoto ziwa mapema zaidi, ili uzazi usikawie. Watoto waliokua kidogo walikula kantini wakati wa mchana, mbele ya macho ya wasimamizi, kwa kuwa haikuaminika kwamba posho iliyopelekwa nyumbani ingefika kinywani mwa mtoto. Kisha ilifuata shule iliyogharamiwa na kampuni na kuongozwa na wamisionari Wabenedikto: wavulana walitayarishwa kwa karakana, wasichana kwa ushonaji na kazi za nyumbani. Mtoto akikosa shule, posho yake iliweza kukatwa.

Tusiwe watu wasio na shukrani. Watoto wengi waliishi ambao bila zahanati zile wangekufa, na wengi walijua kusoma katika nyakati ambapo shule zilikuwa chache sana. Nami ninayeandika maneno haya ni tunda la shule za namna hiyo. Lakini tuangalie pia kilichotolewa badala yake.

Kijijini mtoto hakuwa wa watu wawili tu. Kwa Wabemba na Walamba, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Kwa Waluba wa Katanga, sauti hiyo ilikuwa ya baba na ndugu zake. Bibi alimfundisha adabu kwa hadithi za jioni. Mvulana alimfuata baba shambani, mtoni au porini, akamwona anavyofikiri mbele ya tatizo, anavyokosea na kusahihisha. Katika nyumba ya kambi hapakuwa na nafasi kwa bibi wala mjomba, na mgeni aliyetaka kukaa alihitaji ruhusa. Baba naye alitoka alfajiri akashuka mgodini, mahali ambapo mwanawe hakuruhusiwa kufika. Alirudi amechoka. Mtoto aliona mfuko wa unga, hakuiona kazi. Siyo jambo dogo hilo, kwa maana mtoto hujifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Sisi walimu tunalijua vizuri, ingawa tunalisahau kila asubuhi.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameandika kitabu kizima juu ya mamlaka ya baba katika familia za wafanyakazi hao. Nilichojifunza mimi katika historia hiyo ni hiki: baba wa kambi aliheshimiwa sana, pengine kuliko baba wa kijijini, lakini heshima ile aliiazima kwa kampuni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mshahara, na kwa jina lake nyumba ilitolewa, posho ikahesabiwa, shule ikafunguliwa. Mke aliambiwa atulie nyumbani. Na baba mwenyewe, akifika kazini, alitendewa kama mtoto. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na pale Élisabethville askari waliwafyatulia risasi, wakawaua watu wengi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1946, Mottoulle alichapisha maelezo ya siasa yake, akaandika kwamba Mwafrika ana roho ya kitoto, ambayo hufinyangwa na mlezi wake. Wale waliopigwa risasi walikuwa na watoto wao nyumbani.

Jibu moja lilitoka ndani ya kambi zenyewe. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, alianza katika miaka ya 1950, huko Ruwe karibu na Kolwezi, kuzungumza na wafanyakazi na wake zao, kwa Kiswahili, juu ya mambo wanayoyatamani zaidi maishani. Yakatoka maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kikundi kikaitwa Jamaa. Mume na mke walifuata mafundisho pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Na neno uzazi halikuishia kwenye hesabu ya vichwa kama katika daftari la kampuni, bali lilimaanisha pia kumzaa mtu kwa mawazo na kwa upendo, hata waliomwongoza mwenzao wakawa baba na mama yake. Baadaye Jamaa ilipata matatizo na viongozi wa Kanisa, na hiyo ni habari ndefu. Hapa yatosha kutambua kwamba watu ambao kampuni iliwaita watoto walikuwa wamejitwalia tena majina ya baba na mama.

Mnamo 1967 serikali ilichukua migodi. Posho, shule na hospitali viliendelea kwa miaka mingi chini ya Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, na ilipofika 1994 tani hazikufika 40,000. Mishahara ikakawia miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, ingawa wazee niliowasikia hawakuliona neno hiari ndani yake.

Hapo ndipo deni la heshima lilipodaiwa. Baba alikaa barazani mchana, jambo ambalo watoto hawakuwahi kuliona, wala hakujua aseme nini nao. Mama, yule aliyeambiwa atulie, aliuza unga, mafuta na mikate sokoni, na kwa faida hiyo ndogo akalipa karo. Wavulana wengi walichukua nyundo na magunia wakaenda kuchimba. Wakirudi na fedha jioni, nani angewauliza walikotoka?

Lakini nimewaona pia wanaume wengine, waliokuwa mafundi wa umeme au madereva wa mashine, wakichukua jembe na kwenda kulima mahindi nje ya mji pamoja na watoto wao. Hawakuwa wakulima wazuri, na mistari yao ilipinda. Mmoja wa watoto hao, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alinieleza siku moja kwa mshangao kwamba baba yake, akifanya kazi, huimba.