Sambusa za viazi: siri ni kiazi kikavu

Nyama ikipanda bei, sambusa haiondoki mezani, viazi vinatosha. Lakini sambusa ya viazi ina adui mmoja: maji. Kiazi chenye majimaji hulainisha manda, ikapasukia ndani ya karai.

Kwa sambusa 16, chemsha nusu kilo ya viazi na maganda yake, maana ganda huzuia maji kuingia. Menya, ponda. Kaanga kitunguu, pilipili mbichi na bizari, changanya na viazi, dania, chumvi na ndimu kidogo. Acha vipoe kabisa. Mvuke nao ni maji.

Manda utaikanda kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, chumvi na maji, iwe ngumu kuliko ya chapati. Gawa madonge 4, yasukume kiasi cha kisahani, yapange pamoja ukipaka mafuta na kunyunyiza unga katikati, kisha sukuma tena. Choma kidogo pande zote mbili bila mafuta. Zibandue zingali moto, kata kila moja vipande 4, funika kwa kitambaa zisikauke.

Kunja kama karatasi ya njugu, jaza, gundisha kwa uji mzito wa unga. Kaanga kwa moto wa wastani. Zikiiva, jirani naye apate sahani yake.