Neno "Set" la Kiingereza: Historia ya Maana Nyingi na Funzo kwa Kamusi za Kiswahili

Aghalabu neno *set* hutajwa kuwa ushahidi wa utajiri wa Kiingereza. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililochapishwa mwaka 1989 kwa juzuu 20, kitenzi hicho kilipewa maana 430, kikawa kidahizo kirefu kuliko vyote. Makala haya yanadai kwamba idadi hiyo haipimi utajiri wa lugha. Inatokana na historia ya neno lenyewe na mbinu ya watunga kamusi.

Tuanze na historia. Katika Kiingereza cha Kale, *settan* ilikuwa kauli ya kutendesha ya *sittan*. Uhusiano wao ulifanana na ule wa *keti* na *ketisha*. Kutokana na maana hiyo ya kukiweka kitu kikatulia, matumizi yalitanuka: meza huandaliwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, mfupa uliovunjika huungwa, zege hushika, na jua huchwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kustaajabu, kwani *tua* yetu nayo huhusu mzigo, ndege na jua.

Nomino *set* yenye maana ya kundi ina asili nyingine: Kifaransa cha Kale *sette*, kutoka Kilatini *secta*, yaani wafuasi. Kwa kuwa umbo lilifanana na la kitenzi, mikondo hiyo miwili iliathiriana. Baadaye wanahisabati waliitumia nomino hiyo kutafsiri istilahi ya Kijerumani *Menge* katika nadharia ya Georg Cantor. Kiswahili kiliipokea kama *seti*: ya vyombo, ya mpira wa wavu, ya hisabati. Kitenzi *kuseti* husikika katika mazungumzo, hasa kuhusu saa na simu, lakini kazi nyingine zimebaki kwa *weka*, *panga*, *tega* na *tunga*.

Jambo la pili ni mbinu. Kamusi ya Oxford, iliyopendekezwa mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, ilijengwa juu ya misingi ya kihistoria: kila matumizi huthibitishwa kwa dondoo zenye tarehe, na hata maana zilizokufa huhifadhiwa. Mwaka 2011, baada ya kidahizo *run* kuhaririwa upya, kitenzi hicho kilifikisha maana 645 na kuipita *set*. Lugha haikutajirika ghafla mwaka huo. Wahariri ndio waliofika kwenye kidahizo hicho.

Tuitazame sasa *piga*: piga pasi, piga kura, piga magoti, piga mbizi, piga chuku. Kamusi zetu sanifu huorodhesha matumizi ya aina hii kwa ufupi, bila tarehe wala dondoo za kihistoria. Kwa hiyo, kulinganisha urefu wa *piga* na wa *set* ni kulinganisha miradi miwili ya kamusi, na anayehitimisha kwamba Kiswahili ni maskini amekosea kipimo.

Ushahidi wa kuijenga historia ya *piga* upo: miswada ya tenzi, barua za hati ya Kiarabu, na magazeti ya mwanzo kama vile *Habari za Mwezi* na *Kiongozi*. Kinachohitajika ni wanaleksikografia kuusoma ushahidi huo na kuupanga kwa tarehe, kidahizo baada ya kidahizo.