Jinsi leza inavyogeuza dhahabu kuwa chembe zisizoonekana

MPISHI wa githeri huko Dundori, Kaunti ya Nakuru, hahitaji kufundishwa nguvu za shinikizo. Katika nyanda hizo zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94 za Selsiasi na maharagwe hukawia kuiva, ndiposa sufuria ya presha huokoa kuni.

Shinikizo hilo hilo, likizidishwa mara nyingi, hutumiwa na wanasayansi kutengeneza nanochembe: punje za metali zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000.

Aghalabu gesi inayotumiwa ni kaboni dioksidi, ile inayotia povu soda. Hapa Kenya haitoki mbali: kampuni ya Carbacid huivuna kutoka visima vya asili vya Kereita, Kaunti ya Kiambu.

Gesi hiyo ikipita nyuzi 31 na kubanwa zaidi ya mara 73 ya shinikizo la hewa ya pwani, haiwi tena gesi wala kimiminika. Hupenya kama hewa, ilhali uzito wake hukaribia ule wa vimiminika.

Kazi hufanyiwa ndani ya chumba kidogo cha chuma chenye kuta nene na dirisha la kioo kigumu. Humo huwekwa kipande cha dhahabu au fedha (madini, si ile ya mfukoni). Gesi ikishabanwa, leza hupigwa kupitia dirishani kwa mapigo, kila pigo likidumu sehemu chache za bilioni za sekunde.

Metali iliyopigwa hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hutaka kutawanyika, lakini kaboni dioksidi inayouzunguka huubana na kuupoza, nazo atomu zikashikana kuwa punje.

Karibu na mipaka hiyo ya joto na shinikizo, badiliko dogo la shinikizo hubadilisha sana uzito wa gesi, na kwa hivyo jinsi punje zinavyokua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, ni miongoni mwa waliochunguza njia hii.

Hatimaye gesi huachiliwa na punje hubaki kavu. Njia ya zamani, aliyoitumia Michael Faraday jijini London mnamo 1857 na kupata dhahabu ya rangi nyekundu, huhitaji kemikali ambazo baadaye sharti ziondolewe.

Hata hivyo, mitambo ya leza ni ghali na mavuno yake mara nyingi hupimwa kwa miligramu.

Nanochembe za fedha huua bakteria, na katika nchi kadhaa vichujio vya maji vya udongo hupakwa madini hayo. Lakini tatizo kuu la maji ya visima vingi Nakuru ni floridi, inayotia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Floridi si kiumbe, na fedha haiiondoi. Iliyotumiwa Nakuru ni mbinu ya mkaa wa mifupa ya mifugo, iliyoendelezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru. Kuchemsha nako hakufai: maji hupungua, floridi ikabaki.