Dhehebu

Neno hili tumelichonga wenyewe. Mwarabu husema madhhab, tena kwa umoja, akikusudia njia ya fikihi ndani ya Uislamu. Mswahili akaisikia ile "ma-", akaidhania ya wingi kama ya madirisha, akaikata. Ndipo likazaliwa dhehebu.

Pwani bado neno linanukia asili: Mshafii, Mwibadhi. Huku Ringwani, na mkoa wa Mara kwa jumla, ukiuliza dhehebu la mtu unategemea kusikia Msabato, Mkatoliki au Mmenonaiti, wa kanisa lililoanzia Shirati mwaka 1934. Fikihi imepotea njiani, wala sioni hasara.

Ila usidhani umeshamjua mtu. Mkuria wa huku hujulikana kwa ukoo na kwa saro, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, na saro haina kanisa. Hata mbali na huku dhehebu halimtambulishi mtu: Wakurdi wa Mashariki ya Kati, kwa mfano, wengi ni Wasunni wa Kishafii, dhehebu lile lile la Unguja na Lamu, lakini wamo pia Waalevi, Wayarsani na Wayazidi. Hawa Wayazidi magazeti yetu yakiwaita "dhehebu" yanawapunja, maana wana dini yao kamili. Na baadhi yao hukataa hata kuitwa Wakurdi.

Serikali, kwa upande wake, imenyamaza. Sensa ya Tanzania haijauliza dini wala kabila tangu 1967. Ng'ambo ya mpaka, Kehancha, Mkuria wa Kenya aliulizwa yote mawili mwaka 2019.